Pacha wawili, kilo karibu sawa, sukari imenishika mimi mwanaume ikamwacha dada: kongosho zetu zina jinsia?

#1 Pacha_Mdogo
Habari zenu wakuu. Nimekuja na swali ambalo linaninyima raha kabisa naomba mwenye kujua anieleweshe taratibu.

Mimi na dada angu ni pacha, yeye katangulia kwa dakika 40. Tuna miaka 44. Yeye kilo 84 mimi kilo 81, yani tumekaribiana. Miezi mitatu iliyopita nikaanza kuamka usiku kukojoa mara nne mara tano, asubuhi ulimi umegandia kwenye kaakaa mpaka niuloweshe ndo niongee. Nikapima sukari kabla sijala, kimashine kikasoma 11.8. Nikasema kimeharibika. Dada alikua amekaa pembeni akatoa kidole akasema nipime na mimi, 5.3. Kesho yake nikarudia, 12.1. Sasa hivi natumia metformini, vidonge vya kushusha sukari.

Daktari aliponiandikia dawa alinambia kwa kupita tu, "nyie wanaume kongosho zenu zinachoka mapema", akamwita mgonjwa anaefuata. Hilo neno limenikaa kichwani. Ni kweli kongosho ya mwanaume na ya mwanamke zinafanya kazi tofauti? Maana mimi na dada ni damu moja, tumekula meza moja mpaka tunakua.

#2 Kiti_cha_Mbele
Pole mkuu. Nakaa hapa nisome, kwetu baba na shangazi wote wanayo na kila mmoja kaanza umri tofauti kabisa.

#3 Bi_Mkubwa
Pole mwanangu. Ila huyo daktari sidhani kama kasema sawa, mimi nahudhuria kliniki ya sukari mwaka wa tisa huu na kwenye benchi tukikaa kumi basi saba ni wanawake. Sukari ni ya wanawake zaidi, uzazi unatumaliza.

#4 Msoma_Takwimu
Bi Mkubwa shikamoo. Benchi la kliniki linaonyesha wanaokuja kliniki, halionyeshi wanaoumwa. Wanaume wengi wako nyumbani hawajapima. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa makadirio ya mwaka 2021, watu wazima wa miaka 20 mpaka 79 wenye kisukari duniani ni milioni 537, wanaume 10.8% wanawake 10.2%. Tofauti inaonekana ndogo ila ukiigeuza kuwa vichwa ni wanaume milioni 17.7 zaidi.

Halafu @Pacha_Mdogo, "damu moja" si hoja nzito hapo. Pacha wa kiume na wa kike wametoka mayai mawili, mnachangia jeni kama ndugu wa kawaida tu, kama nusu hivi. Mlichangia tumbo, jeni zote hapana.

#5 Bi_Mkubwa
Marahaba. Basi sawa, nimekubali ya takwimu. Ya benchi nimeyaona kwa macho yangu.

#6 Nesi_wa_Zamu
Nimefanya kazi na wagonjwa wa sukari muda mrefu na hili la mwanaume mwembamba kushikwa mapema tunaliona kila wiki. Si kwamba kongosho imechoka yenyewe. Tatizo ni mafuta yanakaa wapi.

Mwanamke kabla hedhi haijakoma anahifadhi mafuta chini ya ngozi, kwenye nyonga, mapaja, makalio. Hayo yametulia huko hayamsumbui mtu. Mwanaume ya kwake yanaenda ndani ya tumbo kuzunguka utumbo, yakijaa yanaingia kwenye ini, toka ini yanafika kwenye kongosho. Kwa hiyo mwanaume anaweza kuwa na kitambi kidogo cha kubonyea, ukimtazama ubavuni humuoni mnene, kumbe ini limeshajaa. Kule Uskoti mwaka 2011 walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 95,000 wa kisukari aina ya pili, ile ya kawaida inayowapata zaidi watu wazima, wakatazama uwiano wa uzito na urefu, ile BMI, karibu na siku waliyogundulika. Wanaume wastani 31.8, wanawake 33.7. Maana yake mwanamke anabeba mzigo mkubwa zaidi kabla sukari haijapanda.

Profesa Roy Taylor wa Newcastle amelifuatilia hili miaka mingi, anasema kila mtu ana kizingiti chake cha mafuta, ukikivuka unaumwa hata kama mwembamba. Jaribio lao la DiRECT majibu ya kwanza yalitoka 2017, karibu nusu ya waliopunguzwa uzito kwa mpango mkali, 46%, sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha ugonjwa kwa mwaka mmoja bila dawa.

@Pacha_Mdogo pima kiuno chako kwa tepu usawa wa kitovu, utuambie. Achana na mzani kwanza.

#7 Pacha_Mdogo
Nesi asante sana. Nimepima saa hii, sentimita 97. Suruali navaa ya kiuno cha chini ya kitambi ndo maana sikuwahi kujua. Dada ana 99.

#8 Kiti_cha_Mbele
Sasa Nesi hapo si viuno vimelingana jamani? Mbona kizingiti hakijamkamata dada mtu?

#9 Maabara_Usiku
Ndo maana maelezo ya mafuta peke yake hayatoshi. Nesi yuko sahihi ila kaishia nje ya kongosho, tuingie ndani.

Kongosho ina vile vikundi vya seli vinaitwa visiwa vya Langerhans, aliviona kijana mwanafunzi wa udaktari mwaka 1869 hata hakujua kazi yake. Mle ndani kuna seli za beta ndo zinatoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Seli za beta zina vipokezi vya estrojeni, yani homoni inayosifika kwa mambo ya uzazi inabisha hodi mpaka kwenye kongosho. Mwaka 2006 kundi la Franck Mauvais-Jarvis lilionyesha kwa panya walionyimwa uwezo wa kutengeneza estrojeni, ukiwapa sumu inayoshambulia seli za beta zinakufa kwa wingi wanapata kisukari, ukiwarudishia estrojeni seli zinavumilia. Kwa hiyo mwanamke mwenye hedhi ana mlinzi anaezunguka mle ndani saa zote, na hedhi ikikoma mlinzi kaondoka.

Na kwa binadamu kuna ushahidi. Lile jaribio kubwa la Marekani, Women's Health Initiative, wanawake waliokoma hedhi wakapewa homoni, 2004 ikaripotiwa waliopata kisukari kwenye kundi la homoni ni 3.5%, kundi la vidonge tupu 4.2%. Hazitolewi kwa kazi hiyo kwa sababu zina hatari zake nyingine, damu kuganda na kansa ya titi, lakini kisayansi inaonyesha kitu.

Dada yako ana 44, mlinzi bado yupo. Mwulize baada ya miaka kumi.

#10 Mwali_wa_Jioni
Maabara naomba nikupinge kidogo. Mimi ni mwanamke, miaka 29, hedhi ipo, estrojeni ipo, na nina kisukari aina ya pili toka nikiwa na 26. Nina uvimbe vidogovidogo kwenye ovari, ndevu nanyoa kila siku mbili, homoni ya kiume iko juu. Mlinzi wangu alikua wapi?

#11 Maabara_Usiku
Pole sana dada, na swali lako ni zuri kuliko posti yangu. Kwako ni testosteroni, hiyo homoni ya kiume. Hii ndo sehemu inayoshangaza watu, homoni ileile inafanya kazi kinyume kwa jinsia mbili. Mwanamke testosteroni ikipanda hatari ya kisukari inapanda. Mwanaume ikishuka ndo hatari inapanda. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulichapishwa 2006 ukaonyesha hivyohivyo. Na kwenye panya dume ukiondoa kipokezi cha homoni ya kiume ndani ya seli za beta tu, insulini inapungua. Yani kongosho ya dume imezoea kusukumwa na testosteroni, ya jike ikisukumwa hivyo inachoka.

#12 Fundi_Saa
Hapo mmenigusa. Baba angu alitibiwa kansa ya tezi dume kwa sindano za kukata homoni ya kiume. Kabla ya hapo sukari yake ilikua safi, ndani ya mwaka mmoja na nusu akaanza vidonge. Tukadhani ni mawazo. Daktari wa kansa ndo alituambia baadae kwamba hizo sindano zinajulikana kupandisha sukari, nilikasirika sana, kwa nini hatukuambiwa tangu mwanzo tuwe tunapima? Mwenye mzazi kwenye hizo sindano apimwe sukari mapema msisubiri dalili.

#13 Kaka_Mkimbiaji
Kwa hiyo mimi nikiwa na homoni chini nikachomwa testosteroni nimejikinga? Nauliza kwa nia njema maana mtandaoni zinauzwa.

#14 Nesi_wa_Zamu
@Kaka_Mkimbiaji usinunue mtandaoni tafadhali. Liko jaribio la Australia lilichapishwa 2021, wanaume wa miaka 50 mpaka 74 wenye viuno vikubwa, homoni iko chini na sukari imeanza kuharibika. Wote waliwekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, nusu wakachomwa testosteroni miaka miwili. Waliobaki na sukari ya kiwango cha kisukari mwishoni 12% kwa waliochomwa, 21% kwa wasiochomwa. Ni tofauti kubwa. Ila mtu mmoja kati ya watano wa waliochomwa damu yao ilikua nzito kupita kiasi, na damu nzito inaganda. Wale walikua wanachukuliwa damu mara kwa mara. Wewe ukijichoma chumbani nani anakuangalia?

#15 Mama_Tumaini
Wakuu mnazungumza aina ya pili tu. Mwanangu wa kiume ana aina ya kwanza toka ana miaka 17. Nilivyosoma ni kinga ya mwili inashambulia kongosho, na magonjwa ya kinga kujishambulia huwa ni ya wanawake, sasa kwa nini yeye na si dada zake watatu? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

#16 Doria
Mama Tumaini ni kweli magonjwa ya hivyo mengi ni wanawake, na hata panya wa maabara wanaotumika sana kusoma aina ya kwanza majike ndo wanaugua zaidi.

#17 Maabara_Usiku
@Doria kwa panya uko sahihi, kwa watu ni kinyume. Aina ya kwanza ni mgeni kwenye ukoo wake. Utotoni wavulana na wasichana wanakaribia kulingana, baada ya balehe wanaume wanazidi, kwenye jamii zenye asili ya Ulaya ni kama wanaume watatu kwa wanawake wawili. Miaka 17 kwa mvulana inaangukia humohumo. Hamna ulichokosea mama. Na hapo wale panya ndo wanatupoteza, ukichukua majibu ya panya jike ukamvalisha mwanamke unakosea njia.

#18 Mwali_wa_Jioni
Na dawa ni hivyohivyo. Marekani mwaka 1977 mamlaka ya dawa ilitoa mwongozo wa kuwaweka nje wanawake wa umri wa kuzaa kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, wakaja kuuondoa 1993. Miaka 16. Halafu tunaambiwa dozi ni ileile. Pioglitazoni, dawa nyingine ya sukari, inaongeza kuvunjika mifupa kwa wanawake, ikajulikana baada ya watu kushaanza kuimeza. Hizi mpya zinazotoa sukari kwenye mkojo, mimi zilinipa fangasi mara tatu ndani ya miezi miwili, nikaambiwa niongeze usafi! Naoga mara mbili kwa siku. Nilikuja kuambiwa na daktari mwingine kwamba wanawake ndo inawapata zaidi na ni dawa, si uchafu wangu.

#19 Sindano_Nne
Pole Mwali. Mimi ni mwanamke wa aina ya kwanza miaka 21 sasa. Nawapa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha nimejifunza kwa daftari. Siku kama tano kabla ya hedhi sukari inapanda hata nikila vilevile, nachoma yuniti 18 za insulini usiku naamka na sukari 13. Siku ya pili ya damu ghafla insulini ileile inanishusha mpaka 3.2, natetemeka saa kumi alfajiri, shuka limelowa jasho, natafuta kitu cha sukari gizani. Miaka sita nilidhani nakosea kuhesabu. Nikaanza kuandika tarehe za hedhi pembeni ya sukari kwenye daftari moja, miezi mitatu tu ikaonekana. Sasa kwa kukubaliana na daktari wangu naongeza mbili kabla na nashusha siku ya kwanza. Si kila mwanamke inampata, mdogo wangu yeye haimpati kabisa.

#20 Mama_Tumaini
Sindano Nne Mungu akubariki, nina jirani binti wa hiyo hali namtumia hii saa hii.

#21 Bi_Mkubwa
Mimi nilisema uzazi mkanipita. Sukari yangu ilianzia mimba ya tatu, nikajifungua ikaondoka, nikaambiwa umepona. Miaka saba baadae imerudi na mguu tayari unawaka moto.

#22 Nesi_wa_Zamu
Bi Mkubwa hapo umesema jambo kubwa na ndo ningeanza nalo. Mimba ni mtihani mkubwa wa kongosho ambao mwanaume hafanyi kamwe. Kondo linatoa homoni zinazoipinga insulini ili mtoto apate chakula, kufikia miezi ya mwisho mama anahitaji insulini mara mbili hata tatu ya kawaida. Kongosho yenye akiba inaongeza seli na kasi, isiyo na akiba inazidiwa, ndo maana tunapima wiki ya 24 mpaka 28. Mtoto akitoka mzigo umeshuka, sukari inashuka, watu wanasema amepona. Hajapona, ameonyeshwa tu ukingo ulipo. Mwanamke aliyepata sukari ya mimba hatari ya aina ya pili baadae ni mara saba ya mwenzake.

#23 Msoma_Takwimu
Mara saba ni uchambuzi wa 2009. Wa 2020 umekaribia mara kumi.

#24 Nesi_wa_Zamu
Asante kwa sahihisho. Apime wiki 6 mpaka 12 baada ya kujifungua na aendelee kila mwaka au kila miaka mitatu, maisha yake yote.

#25 Doria
Kuna watafiti wa Toronto walitoa 2015 kwamba mama akibeba mtoto wa kiume uwezekano wa sukari ya mimba unaongezeka kidogo kuliko akibeba wa kike, na seli za beta za mama zinafanya vibaya kidogo. Yani jinsia ya mtoto nayo inaigusa kongosho ya mama!

#26 Bi_Mkubwa
Ile mimba ya tatu ilikua ya kiume. Wawili wa mwanzo mabinti.

#27 Fundi_Saa
Bi Mkubwa usiende ukamwambia kijana wako leo tafadhali.

#28 Bi_Mkubwa
Nishamwambia. Kaniletea maji.

#29 Mzee_wa_Chuma
Hamjagusa chuma. Mimi nina ugonjwa wa kurithi wa mwili kulimbikiza chuma, kinajaa kwenye ini na kongosho mpaka seli zinakufa, ngozi inakua kama shaba. Niligundulika na 46 sukari ikiwa imeshaanza. Dada yangu ana jeni hizohizo mbili kama zangu, yeye hana kitu, kila mwezi hedhi ilikua inamtoa chuma. Sasa hedhi imekoma wameanza kumfuatilia. Hapo hakuna estrojeni wala kitambi, ni damu kutoka tu.

#30 Kiti_cha_Mbele
Aisee hii ya chuma sijawahi kuisikia maisha yangu.

#31 Msoma_Takwimu
Sasa mimi niseme ninachoamini. Nusu ya hii tofauti tunaitengeneza wenyewe kwa kipimo tulichochagua. Wanaume sukari ya asubuhi kabla ya kula ndo inaharibika zaidi, wanawake inaharibika zaidi ile ya saa mbili baada ya kunywa glukosi. @Pacha_Mdogo wewe na dada mlipima asubuhi tu na kimashine, yani mlitumia kipimo kinachomkamata mwanaume. Dada yako HAJAACHWA, hajapimwa tu. Aende akapime cha kunywa glukosi.

#32 Nesi_wa_Zamu
Naunga mkono apimwe, maana moyo hausubiri. Mwanamke akishapata kisukari ule uafadhali wa moyo aliokua nao kuliko mwanaume unayeyuka. Uchambuzi mkubwa wa 2014 unaonyesha kisukari kinaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwanamke kuliko kwa mwanaume kwa 44%. Moja ya sababu zinazotajwa ni hiyohiyo, anakaa muda mrefu sukari imeharibika nusunusu, uzito unapanda, presha inapanda, hakuna anaemtibu mpaka avuke mstari.

Halafu Pacha, umepungua kilo? Ulipata dalili kwa kasi gani? Maana mwembamba wa 44 anaweza kuwa na aina ya kwanza inayoanza ukubwani polepole, inachanganywa na ya pili kila siku. Kuna kipimo cha damu cha kingamwili, kinaonyesha kama kinga ya mwili inashambulia kongosho. Kama ni hiyo basi mazungumzo yote ya kitambi kwako hayahusu.

#33 Pacha_Mdogo
Kilo sita kwa miezi miwili. Sikuitaja sababu nilifurahia. Kesho naenda naye.

#34 Pacha_Mdogo
Wakuu nimerudi, ni siku nne zimepita samahani. Mimi nimetolewa damu ya kingamwili, majibu bado.

Dada kapimwa. Wamemtoa damu kabla hajala, wakampa gramu 75 za glukosi kwenye maji, nimemshikia kikombe mwenyewe, kanywa nusu akafumba macho akasema nitatapika, kapumua, kamaliza. Tukakaa saa mbili anaangalia saa ya ukutani, hataki hata kuongea. Kabla 5.4. Baada ya saa mbili 9.1.

#35 Msoma_Takwimu
7.8 mpaka 11.0 ni sukari iliyoanza kuharibika. Nilisema.

#36 Nesi_wa_Zamu
Ni vizuri imeonekana sasa. Pacha, dada yako ana urefu gani?

#37 Pacha_Mdogo
Mfupi. Sentimita 155. Mimi 183.

#38 Nesi_wa_Zamu
Basi angalieni. Gramu 75 ni zilezile kwa mtu wa 155 na wa 183. Mwili mdogo una misuli michache ya kuimeza hiyo sukari. Australia walitoa uchambuzi 2008, walipozingatia urefu tofauti ya wanawake na wanaume kwenye kipimo hiki ikayeyuka. Na sentimita 99 za kiuno kwenye mwili wa 155 si sawa na 97 kwenye 183, kwa hiyo hata ile ya viuno kulingana ya #8 haikua kulingana.

#39 Maabara_Usiku
Urefu peke yake sikubali. Hata utumbo wa mwanamke unanyonya glukosi taratibu zaidi, kilele kinachelewa, saa mbili unamkuta bado yuko njiani. Na 9.1 si ya kuisukumia kwenye futi ya kupimia urefu, ana kiuno cha 99 na miaka 44. Hedhi yake iko sawa au imeanza kurukaruka?

#40 Pacha_Mdogo
Nimemuuliza. Anasema miezi minne haijaja na hakumwambia mtu.

#41 Bi_Mkubwa
Mpe simu yangu huyo mtoto. Na watoto wake walizaliwa kilo ngapi? Maana sukari ya mimba humkuza mtoto.

#42 Pacha_Mdogo
Wa pili alikua kilo nne na nusu. Wa kiume.

#43 Mwali_wa_Jioni
Pacha majibu yako ya kingamwili yakitoka urudi utuambie, usituache hivi.